Deni la Anayechora Hesabu za Watu

Februari 1988, wanachama wa KANU, chama tawala na cha pekee, kote nchini Kenya waliitwa viwanjani wakasimame nyuma ya mgombea wanayemtaka, au nyuma ya wakala wake aliyeinua picha. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Embu, Meru na kwingineko, mistari ya watu ilijipanga mchana kweupe, na yeyote aliyefika pale, awe msomi au asiyejua kusoma, aliona mara moja upi mrefu na upi mfupi. Kwa lugha ya wanaochora takwimu, ile ilikuwa chati ya nguzo, ila nguzo zake zilikuwa akina mama, wazee na vijana waliosimama juani. Kisha msimamizi alitangaza matokeo. Katika sehemu nyingi za nchi, aliyekuwa na mstari mfupi ndiye aliyeambiwa ameshinda.

Kanuni ilisema kwamba aliyepata asilimia 70 ya waliopanga foleni alipita moja kwa moja, pasipo kura ya siri kufuata. Kwa hiyo kuna maeneo ambako mlolongo pekee ndio ulioamua nani aende Bungeni. Askofu David Gitari, aliyeongoza dayosisi ya Kianglikana ya Mlima Kenya Mashariki tangu 1975, dayosisi iliyowajumuisha Waembu na Wameru, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini walioukemea utaratibu huo mimbarini bila kuogopa. Henry Okullu na Alexander Muge, maaskofu wenzake wa magharibi mwa nchi, walisema vivyo hivyo. Mwishoni mwa 1990, baada ya kamati iliyoongozwa na George Saitoti kuzunguka ikiwasikiliza wananchi, KANU iliufuta mlolongo.

Kisa hiki kinafaa kufundishwa katika kila darasa la usanifu wa taarifa, maana kinaliweka wazi swali ambalo vitabu vya fani hiyo hulipitia kwa haraka. Vitabu hufundisha rangi, ukubwa wa herufi, nafasi tupu na mpangilio. Mlolongo wa 1988, kwa kipimo cha macho, ulikuwa mchoro bora kuliko mingi inayotolewa leo na kompyuta: haukuwa na mapambo, ulianzia sifuri, kila mtu alihesabika mara moja, na msomaji hakuhitaji maelezo. Hata hivyo ulikosewa haki mara mbili. Uwazi wake ulipuuzwa na aliyeshika kipaza sauti. Na watu walipotawanyika kwenda nyumbani, ushahidi ulitawanyika nao, kwa kuwa hapakubaki karatasi ambayo mtu angeweza kuirudia kuihesabu. Mchoro usio na kumbukumbu nyuma yake hauwezi kujitetea.

Kosa jingine lilikuwa la undani zaidi, na makanisa yaliliona kabla hata ya wizi kutokea. Mlolongo ulipopendekezwa mwaka 1986, wachungaji walisema kwamba mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja bila kuligawa kundi lake, wala mtumishi wa serikali hawezi kufanya hivyo bila kuhofia kazi yake. Mstari ulionyesha idadi, na papo hapo ukamwanika kila aliyekuwa ndani yake mbele ya jirani, mwajiri na chifu. Picha ilisema kweli kuhusu wengi huku ikimweka hatarini mmoja mmoja.

Basi swali lenyewe ni hili: mtu anayewageuza watu kuwa nguzo, nukta au rangi kwenye ramani, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Jamii za Mlima Kenya ziliuliza swali la aina hiyo zamani, kwa njia yao. Kwa wengi ilikuwa mwiko kuwahesabu watoto au mifugo kwa sauti, na kumwuliza mzazi ana watoto wangapi kulionekana kama kumwitia balaa. Majirani Wakikuyu, wanapozitaja koo zao kumi zilizotokana na mabinti wa Mumbi, bado husema ni tisa kamili. Ni rahisi kuyaita haya ushirikina. Lakini historia iliyofuata iliyapa mantiki. Waembu walishindwa kwa silaha na Waingereza mwaka 1906, na mwaka 1908 boma la serikali likawekwa Meru. Vibanda vilianza kuhesabiwa, na kila kibanda kilichohesabiwa kilidaiwa kodi. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya kama watu, badala ya kuwakadiria kwa vibanda, ilikuja 1948. Kwa kizazi kizima, basi, kuhesabiwa kulikuwa hatua ya kwanza ya kunyang'anywa, na aliyeikataa hesabu alikuwa na sababu.

Biblia nayo, kitabu kisomwacho sana katika makanisa ya Embu na Meru, ina hofu hiyohiyo. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, Mfalme Daudi anamtuma Yoabu kuwahesabu watu. Yoabu, askari asiyejulikana kwa upole, ndiye anayejaribu kumzuia. Hesabu inakamilika baada ya miezi tisa na siku ishirini, moyo wa Daudi unamchoma, na tauni inaua watu 70,000. Wafafanuzi wamebishana kwa karne nyingi juu ya kosa lenyewe lilikuwa nini. Jibu moja lenye uzito linapatikana katika Kutoka, sura ya 30, ambako kuhesabu watu kunaruhusiwa kwa sharti: kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Hesabu si haramu, basi. Kilicho haramu ni kuhesabu bila kulipa deni linalozaliwa na hesabu hiyo. Waislamu nao, katika mitaa ya mji wa Meru na Isiolo jirani, husoma katika Sura Maryam kwamba Mungu amewadhibiti viumbe wote kwa hesabu, kisha aya ifuatayo inamweka kila mmoja mbele yake peke yake. Kumjua kila mmoja ndani ya jumla ni sifa ya Mungu. Binadamu anapoiazima, anaazima kitu kizito.

Deni la kwanza, linalotokana moja kwa moja na ile nusu shekeli, ni usawa wa kila aliyehesabiwa. Hapa ndipo kanuni za ufundi, zinazoonekana kuwa mambo ya rula na penseli, zinapogeuka kuwa mambo ya dhamiri.

Tuchukue sensa ya 2019. Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714, Embu 608,599 na Tharaka-Nithi, iliyo katikati yao, 393,177. Meru ni mara mbili na nusu ya Embu. Mchoraji anayetaka kupendeza humchora mtu mmoja wa Embu, kisha mtu mmoja wa Meru mwenye kimo cha mara mbili na nusu. Lakini mtu hawi mrefu kwenye karatasi bila kupanuka pia, na jicho halipimi kimo peke yake, linapima wino wote. Eneo la yule wa Meru linakuwa zaidi ya mara sita ya la mwenzake. Hakuna tarakimu iliyoghushiwa, na kila Mwembu amepunguzwa zaidi ya nusu ya thamani yake. Mtu akipeleka mchoro huo kwenye kikao cha kugawa fedha za barabara au dawa, amepeleka ushahidi wa uongo, hata kama hakukusudia.

Otto Neurath, mwanafalsafa wa Vienna, alilitambua tatizo hili miaka ya 1920 alipofungua jumba la makumbusho la kuwaeleza wafanyakazi uchumi wa mji wao. Kanuni yake ilikuwa sahili: idadi ikizidi, usikuze alama, irudie. Alama moja ya mtu kwa kila watu 100,000 ingetoa Wameru 15, Waembu sita na Watharaka na Wachuka wanne, wote wa kimo kimoja. Msomaji anahesabu kwa kidole. Mkewe, Marie Neurath, aliyeendeleza kazi hiyo baada ya kifo chake mwaka 1945, alialikwa katika miaka ya 1950 na serikali ya Nigeria Magharibi, na huko alibadilisha alama zake, nyumba, mavazi na zana, zifanane na maisha ya watu waliokusudiwa kuzisoma. Alifahamu kwamba mtu asiyejiona kwenye mchoro hatauamini. Na alama hizo zote sawa kimo, tajiri asizidishe na maskini asipunguze, ziko karibu na Kutoka 30 kuliko pengine Neurath mwenyewe, asiye mtu wa dini, angependa kukubali.

Hata hapo kuna kinachobaki. Meru inapochorwa kwa alama 15, watu 45,714 hawana alama. Ni wengi kuliko watu wa miji mingi ya Kenya. Mchoraji mwaminifu huandika chini ya mchoro kwamba amekadiria, akaweka na idadi kamili pembeni. Mstari huo mdogo chini ya chati, ambao wengi huuona mapambo ya wasomi, ndio unaomrudishia aliyeachwa nje nafasi yake. Sensa hiyohiyo ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kuhesabu watu wenye jinsia mbili, ikawapata 1,524. Watu hao walikuwapo katika kila sensa ya awali. Hawakuwa na safu kwenye fomu, na asiye na safu kwenye fomu hawezi kupata nukta kwenye ramani.

Ramani yenyewe ina tabia ya kupotosha bila mtu kusema uongo. Marsabit ina takriban kilomita za mraba 71,000, Meru takriban 7,000. Kaunti zikipakwa rangi kuonyesha matokeo ya uchaguzi au maambukizi ya ugonjwa, Marsabit inalijaza jicho mara kumi ya Meru, ilhali Meru ina watu zaidi ya mara tatu ya wale 459,785 wa Marsabit. Magazeti huchapisha ramani za namna hii kila msimu wa kura. Ardhi haipigi kura, na mwathirika wa malaria ni mtu, si kilomita ya mraba.

Wapo wanaopinga mjadala huu wote kwa hoja nzito kuliko inavyoonekana. Wanasema kila mchoro ni uongo tangu mwanzo, kwa kuwa kila mchoro huacha mengi. Mtu hai ana jina, ukoo, shamba, madeni na matumaini. Nukta haina hata kimoja. Kama kuacha ni kudanganya, basi hakuna mchoro mkweli, na kilichobaki ni kuchagua uongo unaofaa.

Hoja hiyo ina nusu ya kweli. Kuacha peke yake si kudanganya. Shahidi mahakamani hasemi kila alichokiona tangu kuamka kwake, husema yale yatakayomfikisha hakimu kwenye ukweli wa jambo lililoulizwa. Kipimo cha haki ni kumwuliza msomaji akishautazama mchoro anaamini nini, kisha kujiuliza kama angeamini hivyo laiti angeona yote yaliyoachwa. Kama imani yake ingebaki ileile, mchoro umefupisha. Kama ingepinduka, mchoro umedanganya, hata ukiwa na tarakimu sahihi tupu.

Kaunti ya Embu ni mahali pazuri pa kukijaribu kipimo hiki. Inaanzia kwenye vilele vya Mlima Kenya, vyenye zaidi ya mita 5,000, ikateremka hadi takriban mita 500 kando ya Mto Tana. Juu, pande za Manyatta na Runyenjes, kuna chai na kahawa, mito inayotiririka mwaka mzima na ng'ombe wa maziwa zizini. Chini, Mbeere, kuna ndengu, mtama, mbuzi, muguka na jua. Mtu anayesafiri kwa matatu kutoka msitu wa Irangi hadi Kiritiri hupita tabianchi kadhaa kwa nusu siku. Kaunti hii ikipakwa rangi moja kwa wastani wa mvua au wa mavuno, rangi hiyo haimhusu mtu yeyote. Mkulima wa chai ataonekana mkavu kuliko alivyo, na mfugaji wa Mbeere ataonekana ameshiba. Wastani umesema kweli kuhusu kaunti, na haukusema lolote kuhusu wanaoishi humo.

Ndiyo maana Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame inastahili sifa kwa jambo moja. Mamlaka hiyo hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya. Ya Embu inahusu Mbeere, na ya Meru inahusu Meru Kaskazini, pande za Igembe na Tigania ambako ardhi inashuka kuelekea mbuga. Aliyeamua hivyo aliukata mchoro pale maisha yenyewe yanapokatika, badala ya kufuata mpaka wa kiutawala. Uamuzi huo hauonekani kwenye karatasi kwa rangi wala kwa umbo, na bado ni wa maana kuliko mapambo yote ya taarifa hiyo.

Safari ya tarakimu zilizomo ndani ya taarifa hiyo inaanza mbali na ofisi. Sehemu yake huanza kwenye mkono wa mtoto. Mhudumu wa afya ya jamii anafika boma, anamketisha mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, anatafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, anazungusha utepe mwembamba. Utepe una rangi tatu. Ukisoma sentimita 12.5 au zaidi, ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5, ni manjano. Chini ya 11.5, ni nyekundu, na mtoto huyo anahitaji matibabu ya utapiamlo mkali bila kuchelewa. Vipimo vya namna hii vilianza kuenea miaka ya 1970 kutokana na kazi ya madaktari kama Adnan Shakir wa Baghdad na David Morley, yule Mwingereza aliyebuni pia kadi ya ukuaji wa mtoto alipokuwa akifanya kazi Nigeria. Kadi hiyo imezaa michoro ya aina yake katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na leo mama wa Siakago au Maua anaikuta ndani ya kijitabu cha kliniki: mistari iliyopinda, na nukta za uzito wa mwanawe zikipanda au zikilala kati yake.

Ni vigumu kupata mfano bora wa usanifu wa taarifa duniani kote. Utepe hauhitaji neno hata moja la kusomwa. Unagharimu senti. Unapima na kueleza kwa tendo moja. Zaidi ya yote, anayeusoma ni mama mwenyewe, kwa wakati uleule na mhudumu, juu ya mkono uleule anaoufahamu kuliko mtu mwingine yeyote. Hakuna anayemtangazia. Katika nchi nyingi siku hizi akina mama hufundishwa kupima wenyewe nyumbani, na wanapima vizuri. Mtoto hapotei ndani ya hesabu, maana hesabu bado imezungushwa mkononi mwake.

Lakini mara tarakimu inapoondoka bomani, uhusiano huo unalegea. Mkono wa mtoto unakuwa tiki kwenye daftari, tiki inakuwa asilimia, asilimia inakuwa nguzo ndani ya taarifa ya kurasa nyingi, nguzo inasaidia kuamua kama eneo liko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Kila hatua ina faida yake. Bila asilimia, Nairobi haiwezi kulinganisha Mbeere na Garissa, wala lori la unga halijui liende wapi kwanza. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilipofeli katika sehemu kubwa ya Kenya kame, michoro hiyo ilisukuma misaada na fedha. Mtu anayeidharau takwimu kwa jina la utu hajafikiria lori hilo.

Deni linabaki hata hivyo, na halilipwi kikamilifu. Taarifa hiyo, iliyoanzia kwenye mkono wa mtoto wa Mbeere, inaandikwa kwa Kiingereza, kwa ramani za setilaiti za hali ya uoto na vifupisho vinavyoeleweka na wataalamu. Mama aliyeutoa mkono wa mwanawe upimwe haelewi kilichoandikwa juu yake. Amekuwa shahidi asiyesikia ushahidi wake ukisomwa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa dola, na mtu anaweza kujibu kwamba taarifa iko kwenye tovuti, yeyote aipakue. Jibu hilo linatosha mahakamani pengine. Halitoshi mbele ya dhamiri, kwa sababu taarifa isiyoeleweka na anayehusika haijamfikia bado.

Linganisha na fomu za matokeo ya urais za 2022. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, na Tume ya Uchaguzi iliweka picha za fomu za vituo hivyo kwenye mtandao wa umma. Mwalimu wa Chuka aliyepiga kura katika shule ya jirani angeweza kufungua simu na kuona hesabu ya kituo chake, karatasi ileile iliyobandikwa mlangoni usiku ule. Watu waligombania matokeo hadi Mahakama ya Juu, na ushahidi ulikuwepo wa kugombaniwa. Waliosimama juani mwaka 1988 hawakupewa hata hilo. Na jina la mpiga kura halimo kwenye fomu hiyo. Idadi imewekwa wazi, mtu amesitiriwa.

Sitara ni deni la pili, na wasanifu wengi hawalitaji kabisa. Mwaka 1854 daktari John Snow alichora ramani ya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, akaweka kistari kimoja cheusi kwa kila aliyekufa mbele ya nyumba yake. Vistari vilirundikana kandokando ya bomba la maji la Broad Street, na ramani ile ikasaidia kuonyesha kwamba maji ndiyo yaliyoua. Kila marehemu alibaki na mlango wake. Ni mchoro mtukufu. Lakini ramani ya namna hiyohiyo leo, ya ugonjwa wenye unyanyapaa, ikichorwa kijiji kwa kijiji mahali kama Tharaka ambako boma moja liko mbali na jingine, nukta moja ni sawa na kutaja jina. Jirani atajua. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalizuia hilo, na wazee wa mlima walilizuia kabla ya sheria. Msanifu anayejali hujumlisha vijiji kadhaa, hupoteza usahihi kidogo kwa makusudi, na huandika kwamba amefanya hivyo na kwa nini. Usahihi ni wema, ila si wema pekee.

Neno moja kuhusu rangi. Katika duka la pembejeo mjini Embu, chupa za dawa za wadudu hubeba mkanda wa rangi kulingana na ukali wa sumu: nyekundu ni hatari kupita zote, kijani ni ya chini. Kijani kwenye utepe wa mtoto ni habari njema. Kijani kwenye chupa ya dawa bado ni sumu. Mkulima wa kahawa aliyejifunza rangi kliniki hana kosa akiihamisha maana ile hadi shambani. Kosa ni la anayedhani rangi hujieleza yenyewe. Mchoro husomwa na aliyefundishwa kuusoma, kama vile vibuyu vya gicandi vya Wakikuyu, vilivyochongwa alama ambazo zilikaa kimya mpaka mwimbaji aliyezijua alipozishika.

Nani basi afundishwe? Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Kimethodisti mjini Meru kila mwaka vinatoa vijana wa afya, kilimo na kompyuta, na wengi wao watachora chati za watu maisha yao yote ya kazi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, palepale yalipo makao makuu ya Njuri Ncheke, baraza ambalo kwa vizazi limesikiliza kesi za Wameru na kupima uzito wa kiapo. Ujirani huo unafaa kutumiwa. Mwanafunzi wa takwimu akae siku moja na wazee, awaulize inavyompasa mtu anayesema habari za mwenzake ambaye hayupo kikaoni. Kisha arudi darasani aulizwe kwa nini nguzo lazima ianzie sifuri. Atalijibu vizuri zaidi.

Na serikali za kaunti za Embu na Meru zina kazi iliyo ndani ya uwezo wao, isiyohitaji sheria mpya wala mfadhili. Kila mwaka tathmini mbili hufanywa, ya mvua ndefu na ya mvua fupi, na taarifa za ukame hutoka kila mwezi. Ukurasa mmoja utolewe kwenye kila taarifa, kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kimbeere, Kiembu au Kimeru upande wa pili, wenye mchoro mmoja au miwili, chanzo cha hesabu na tarehe. Ubandikwe kwenye zahanati, kwa chifu na sokoni, Kiritiri, Siakago, Ishiara, Mutuati na Maua. Kabla haujabandikwa, wahudumu wa afya ya jamii waupeleke kwa akina mama waliopimiwa watoto, wawaulize wanaona nini. Wakiona tofauti na alichokusudia mchoraji, mchoro urudishwe mezani uchorwe upya.

Mvua fupi huanza Oktoba, na tathmini yake hufuata mwanzoni mwa mwaka. Muda upo wa kuanza na taarifa ijayo.